Binti anaomba kwenda nyikani kwa mtumbwi: nimruhusu?

Swali: Mimi ni mama wa Mombasa, tunaishi Minneapolis mwaka wa sita sasa. Binti yangu ana miaka 13 na amepata nafasi, ada imelipiwa nusu, kwenye kambi ya watoto ya majira ya joto kaskazini mwa jimbo. Ni siku 12, na siku 7 kati ya hizo watakuwa wakisafiri kwa mitumbwi ndani ya nyika ya Boundary Waters na kulala kwenye mahema. Simu haziruhusiwi. Nimesikia kuna dubu na mbwa mwitu. Kuogelea anajua kidogo tu. Baba yake amesema hapana, na mimi nimebaki katikati. Wewe ungemruhusu?

Jibu: Dada, ningemruhusu. Ila si kabla ya kuwapigia simu watu wa kambi na kuwauliza swali moja ambalo sijawahi kusikia mzazi akiliuliza. Wazazi huuliza dubu. Wewe uulize: kundi likichelewa kurudi siku nzima, kiongozi wake anakuwa amekosea? Kisha nyamaza usikilize wanavyojibu. Nitakueleza kwa nini.

Nimeongoza makundi ya wasichana huko kwa misimu tisa. Nilifika Minnesota nina miaka 22, mtoto wa Tanga niliyekulia hatua chache kutoka baharini na kuogelea sijui. Ngalawa zilikuwa za wajomba. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kungoja samaki ufukweni. Maji niliyajua kwa kuyatazama. Kwa hiyo hofu yako siichukulii kama ushamba, na ya shemeji pia siichukulii hivyo.

Kwanza ujue anakokwenda. Boundary Waters ni sehemu ya Msitu wa Taifa wa Superior, kwenye mpaka wa Kanada, na ina ukubwa wa takriban hekta 440,000, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya kisiwa cha Unguja. Ndani yake kuna maziwa zaidi ya 1,000. Barabara hakuna, nyumba hakuna, na injini haziruhusiwi kwenye sehemu kubwa ya maziwa hayo. Mtu husafiri kwa kafi mpaka mwisho wa ziwa, anabeba mtumbwi na mizigo begani kupita njia ya msituni, kisha anauteremsha kwenye ziwa la pili. Njia hizo huitwa porteji, neno lililoachwa na wachuuzi wa ngozi wa Kifaransa, ingawa nyingi zilikanyagwa na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, karne nyingi kabla Mfaransa hajafika. Mpaka leo hupimwa kwa rodi. Rodi moja ni kama mita tano, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Binti akirudi na kukwambia “tulibeba rodi 180”, ujue ni mita 900 hivi, mtumbwi ukiwa kichwani, mbu wakiwa masikioni.

Mtumbwi wa kisasa wa Kevlar, nyuzi nyepesi na ngumu, ni kama kilo 20. Wa aluminiamu unafika 32 au 34. Huo wa Kevlar msichana wa miaka 13 anaweza kuubeba akiwa na mwenzake, na nimeona wengine wakiubeba peke yao. Wale waliokuja wanalia siku ya kwanza ndio hao siku ya tano wanagombania nani aubebe.

Sasa dubu, maana najua hutasoma vizuri hayo mengine mpaka tumalizane naye. Dubu wa huko ni mweusi, mdogo kuliko yule wa kahawia wa Alaska, na anachokitaka ni chakula chenu. Sheria ya msitu inadai chakula chote kining'inizwe angalau mita 3.6 kutoka chini na karibu mita mbili kutoka kwenye shina, au kiwekwe kwenye chombo maalumu kisichofunguliwa na dubu. Dawa ya meno nayo huhesabiwa chakula. Mwambie binti kabisa asifiche biskuti ndani ya hema. Hiyo ndiyo njia ya kumwalika dubu. Na mbwa mwitu, binti atakuwa na bahati hata akiwasikia kwa mbali tu. Kitakachomtisha usiku wa kwanza ni ndege wa majini aitwaye luni, ambaye ndiye ndege rasmi wa jimbo lenu. Kilio chake saa saba za usiku ni kama mtu aliyepandwa na jini akiwa katikati ya ziwa. Mimi usiku wangu wa kwanza nilisoma Ayatul Kursi mara sijui ngapi, kumbe ndege.

Na malaria hakuna kule, ingawa mbu watamla kweli. Wa kuogopa ni kupe. Minnesota ni kati ya majimbo yenye ugonjwa wa Lyme kwa wingi, na kinga yake ni kukaguana mwili kila jioni: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Mara nyingi kupe huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza, kwa hiyo anayetolewa jioni hiyohiyo kwa kibano kwa kawaida hana madhara. Akirudi nyumbani mkague tena wewe mwenyewe, na kwa wiki nne hivi angalia kama kuna wekundu unaotanuka kwenye ngozi.

Hayo ndiyo yanayotisha watu. Yanayoua ni mengine: maji, baridi, na upepo. Mei 2024 wanaume wawili walifariki kwenye maporomoko ya Curtain Falls, mpakani na Kanada, baada ya mitumbwi yao kuvutwa na mkondo. Hawakuwa watoto wa kambi, walikuwa watu wazima. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba ya upepo ilipita huko na kuangusha mamilioni ya miti kwa mchana mmoja. Ndiyo maana utamwona kiongozi mzuri, kabla hajaruhusu hema kusimamishwa, anatazama juu. Anatafuta mti mkavu. Mgeni hutazama chini, palipo tambarare.

Lakini kati ya hayo, baridi ndiyo niliyokutana nayo uso kwa uso. Ilikuwa Juni, siku ya tatu ya safari, mvua tangu alfajiri na upepo wa mbele. Nilikuwa na msichana wa miaka 14, msemaji, hata kwenye kupiga kafi mdomo haufungi. Nikaona amenyamaza. Nikamwambia afunge zipu ya koti lake. Vidole havikushika. Akacheka, kicheko cha ajabu kidogo, akasema “baadaye”. Hapo safari ya siku ile iliisha. Ilikuwa saa nne asubuhi na tulikuwa hatujafika hata robo ya njia yetu. Tuligeuza mitumbwi kwenye kituo cha kwanza cha kulala tulichokiona, hema likasimama, nguo zote za maji zikavuliwa, akaingizwa kwenye mfuko wa kulalia na mwenzake wa kumpasha joto upande huu na huu, na akanywa kakao yenye sukari ya kukwaruza koo. Kufika saa nane mchana alikuwa analalamika kwamba wali umeungua. Nikajua amepona.

Tulitoka nyikani siku moja baadaye kuliko ilivyopangwa. Nilituma ujumbe kwa kifaa cha setilaiti: tumechelewa, wote wazima. Mkuu wa kambi akajibu kwa neno moja la kukubali, na jioni tuliyorudi hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Msimu wangu wa kwanza, kwenye kambi nyingine ambayo sitaitaja, mambo yalikuwa tofauti. Kiongozi mwenzangu alichelewa nusu siku kwa sababu ya upepo, akafokewa mbele ya watu: basi lilikuwa linasubiri, mitumbwi ilikuwa inahitajiwa na kundi lingine, wazazi walikuwa njiani. Safari iliyofuata upepo ulimkuta tena kwenye ziwa kubwa, mawimbi yana vichwa vyeupe. Hakusubiri. Alivuka. Mitumbwi miwili ilijaa maji, na watoto wakaelea na majaketi yao ya kujiokolea mpaka wakavutwa ufukweni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini mimi nilikuwa nimeshajifunza hatari iko wapi. Ilikuwa kwenye kalenda ya ofisini.

Na kalenda hiyo ni ya kambi yenyewe. Kibali cha kuingia Boundary Waters kati ya tarehe 1 Mei na 30 Septemba kinakufunga siku ya kuingia na mlango wa kuingilia, basi. Ukishaingia, ulale wapi na utoke lini ni shauri lako. Serikali haimkimbizi mtu. Kwa hiyo kambi ikikwambia ratiba haiwezi kuyumba, wao ndio wameifunga. Nataka usikie maneno kama haya: “Tunaweka siku ya akiba”, au “Kiongozi ana ruhusa ya kubaki kisiwani mpaka upepo utulie, na chakula cha ziada wanacho.” Ukisikia “Hatujawahi kuchelewa”, mshukuru aliyepokea simu, na umtafutie binti kambi nyingine.

Ukiwa bado kwenye simu, uliza na njia watakayopita. Wakikuta maji yaendayo kasi, wanayapitia au wanabeba kuyazunguka? Kwa watoto wa miaka 13 jibu liwe kubeba. Uliza pia kama jaketi la kujiokolea huvaliwa na kufungwa wakati wote mtumbwi ukiwa majini, watu wazima pia, au huwekwa tu ndani ya mtumbwi. Jaketi lililo chini ya kiti halimwokoi mtu. Na radi? Ngurumo ya kwanza wanatoka majini, na hawarudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukimkuta mtu wa kambi anaijua hiyo bila kufikiri, umemkuta mwenye kazi yake.

Utashtuka ukiwaona viongozi. Wengi ni wanafunzi wa chuo, miaka 19 mpaka 23. Shemeji akiwaona atasema hao nao ni watoto. Umri usikutishe sana, uliza mafunzo. Kozi ya huduma ya kwanza ya nyikani inayoheshimiwa kwa kazi hii huchukua kama saa 70 hadi 80, na inafundisha kumtunza mgonjwa wakati msaada uko mbali kwa saa nyingi au siku. Wawe wawili kwa kila kundi, kwa sababu mmoja anaweza kuumia. Kundi halitakuwa kubwa: sheria ya Boundary Waters ni watu tisa na mitumbwi minne tu, hata mnapokutana njiani na wenzenu hamruhusiwi kuchanganyika mkazidi hapo. Kwa hiyo ni watoto saba na wakubwa wawili, na uwiano huo ni mzuri kuliko ule wa mtu mzima mmoja kwa watoto wanane ambao chama cha kambi cha Marekani, ACA, kinaukubali kwa umri wake. Ithibati ya ACA yenyewe ni ya hiari. Kambi ikiwa nayo ni vizuri, lakini haichukui nafasi ya simu yako.

Kambi za aina hii si mchezo wa juzi. Gunn, mwalimu wa Connecticut ambaye wengi humtaja kama mwanzilishi wa kambi za watoto Marekani, mwaka 1861 aliwatembeza wanafunzi wake kwa miguu mpaka pwani ya Milford na kulala nao kwenye mahema. Safari ilikuwepo kabla ya majengo. Na huko kaskazini mwa Minnesota, kambi ya Menogyn imekuwa ikipeleka vijana majini tangu 1922 na Widjiwagan tangu 1929. Ziko kambi ambazo bibi, mama na mjukuu wote wamepitia. Sisi hatuna bibi aliyepitia huko, ndiyo maana tunahitaji kuulizana hivi.

Mambo ya dini na mwili sasa, ambayo kambi haitakueleza kwa sababu haijui kwamba unataka kuyajua.

Chakula hufungwa kwenye mifuko wiki kabla ya safari. Ukisubiri siku ya kumpeleka ndipo useme halali, utakuta wameshapanga soseji. Waandikie mapema, na usiandike “hali nguruwe” tu, kwa sababu watamwondolea nyama wamwachie mashimelo, zile peremende laini nyeupe za kuchoma kwenye moto. Nyingi zina jelatini ya nguruwe. Zipo za halali madukani hapo Minneapolis. Nunua za kutosha kundi zima, wala si za binti peke yake, awe ndiye mleta mashimelo. Makopo na chupa za glasi haviruhusiwi kuingia nyikani, kwa hiyo kila unachompa kiwe kwenye mfuko au plastiki.

Sala: mwezi Juni jua la huko linazama kama saa tatu usiku, na isha inakuja wakati wenzake wameshalala fofofo. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na binti anapaswa kwenda akiijua ruhusa hiyo kwa undani. Mkalishe na ustadhi wenu kabla ya safari asije akakesha peke yake nje ya hema akisubiri wakati. Kibla kutoka Minnesota ni kaskazini-mashariki. Dira atakuwa nayo, ni kifaa cha safari.

Hijabu iwe ya kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Pamba ikilowa inauondolea mwili joto, na hiyo ni kwa nguo zote: jinzi usimfungie, fulana za pamba mbili tu za kulalia. Sweta la sufu hata la mtumba ni bora kuliko jaketi zuri la pamba. Lakini kanga, ambayo nyinyi Mombasa mwaiita leso, mpe moja ijapokuwa ni pamba. Choo cha kila kituo cha kulala ni kiti juu ya shimo ndani ya msitu, bila ukuta wala paa. Binti wa Kiswahili aliye na leso ana chumba chake popote. Mpe na chupa ya plastiki ya kutawadhia. Atakumbushwa kwamba kunawa kwa sabuni na kuosha vyombo ni mita 45 kutoka ziwani.

Msuke kabla hajaondoka, misuko midogo ya kubana. Hakuna atakayeweza kumsuka huko na hatapata muda wa kuchana nywele. Siku zake zikija akiwa nyikani, si balaa. Viongozi wanawake wamezoea, na vilivyotumika hufungwa na kurudishwa nyuma pamoja na takataka nyingine. Mwambie mwenyewe jambo hilo, asilisikie kwanza kwa mgeni.

Simu: ndiyo, hutamsikia siku saba. Wewe utaumia kuliko yeye. Siku ya pili au ya tatu ndiyo atakumbuka nyumbani sana, na kiongozi atampa kazi ya kuwasha moto. Muulize mkuu wa kambi wanaye nani anayepokea ujumbe wa setilaiti usiku, na ni lini wao hupiga simu kwa mzazi. Mwandikie binti barua, uifunge mkobani kwake. Lakini usiandike “ukitaka kurudi nitakuja kukuchukua”. Huwezi, kwa sababu kutoka katikati ya nyika ile ni siku mbili za kupiga kafi, na ahadi hiyo itamfanya ahesabu saa.

Limebaki la kuogelea. Mkijitayarisha kwa dhati linawezekana, na ndilo jambo ambalo siwezi kukulegezea. Jaketi litamfanya aelee, kuogelea ndiko kutamzuia asipaparike maji ya baridi yakimpiga kifuani. Tofauti kati ya watoto weusi na wengine katika vifo vya kuzama Marekani ni ya muda mrefu na inajulikana, na mzizi wake mmojawapo ni sisi akina mama tusiojua kuogelea kuwazuia watoto wasisogelee maji. Mimi nililelewa hivyo. Mwandikishe leo kwenye bwawa la YMCA au la manispaa. Wengine wana vipindi vya wanawake peke yao, na vazi la kuogelea la kujisitiri haliwashangazi tena. Miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, inatosha kwa mtoto wa umri wake. Akishaweza kuogelea kwa utulivu mita 50 na kuelea chali dakika tano, mlete kwenye ziwa la kweli Juni ikianza, ajue maji yasiyo na ukuta wa kushika. Kambi nyingi zitampima siku ya kwanza na kumfundisha kupindua mtumbwi kwa makusudi. Kama hadi wakati huo hajafika hapo, mwombe mkuu ambadilishie safari iwe ya siku tatu. Zipo, na hazina aibu.

Kuhusu shemeji, usibishane naye kwa maneno. Ziwa la Bde Maka Ska liko hapohapo mjini kwenu na mitumbwi hukodishwa majira ya joto. Nendeni watatu Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka. Wewe kaa katikati, shemeji akae omo, binti umpe tezi. Wa mbele hupiga kafi tu; wa nyuma ndiye anayeelekeza chombo.